Nguzo ya Kushoto

Mjukuu wangu ana televisheni kubwa kuliko dirisha la chumba nilichozaliwa. Jumapili moja nilipokwenda kwake, hapa hapa Unguja, alinikalisha kwenye kochi nitazame mpira wa Wamarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kubandika. Akawa ananifundisha kama mimi ni mtoto wa chuo. "Huyu anayerusha ndiye mfalme, babu. Yule anayekimbia kuudaka ndiye tajiri."

"Na hawa watano wanaoinama mbele ya mfalme?"

"Aa, hao! Hao hawana lolote, babu. Wanasukumana tu."

Wallahi nilitaka kuinuka niondoke. Wanasukumana tu! Niliwatazama wale watano mchezo mzima, sikumtazama mtu mwingine. Kila mpira ukianza wanavamiwa na majitu, wanapigwa kifua, wanapigwa shingo, na nyuma yao mfalme kasimama anachagua wa kumrushia kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Akirusha vizuri uwanja mzima unataja jina lake, na wale watano wanajiokota majanini wanarudi kuinama. Ikatokea mmoja wao akateleza, mfalme akabwagwa chini kama gunia. Hapo ndipo mtangazaji alipokumbuka kwamba yule mtu ana jina, akalitaja mpaka likachosha.

"Umeona?" nikamwambia mjukuu. "Kumbe na yeye ana jina."

Akacheka, akadhani nafanya mzaha. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli, na shingo inaniuma, shingo hii ambayo haijageuka kushoto sawasawa tangu enzi za mamluki kule kwetu Komoro. Nilikuwa namkumbuka mtu mmoja na miguu yake.

Sisi tulikuwa watu wa Majunga. Wazee wetu walitoka Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, wakaenda Bukini, yaani Madagaska, wakatuzaa huko, na huko ndiko nilikojifunza kubeba magunia na kucheza raga. Kisha yakatokea yale mauaji ya Wakomoro, baba yangu akaenda nayo, na mwaka sabini na saba tuliosalia tukarudishwa kwenye visiwa ambavyo wengi wetu tulikuwa hatujavitia machoni. Wenyeji wa Moroni wakatupachika jina la ndege iliyotuleta. Tulikaa mtaa wa Magoudjou, nyumba zimebanana mpaka ukipiga chafya jirani anakuombea rehema. Mwaka uliofuata wakaja mamluki, wazungu wa kukodiwa, wakaiangusha serikali moja wakaweka nyingine, na bunduki wakabaki nazo wao. Watu wakajifunza kusema kwa sauti ya chini hata jikoni mwao.

Raga tulikuja nayo sisi. Kwa asiyeijua: mpira una umbo la yai, watu kumi na watano kila upande, na mara kwa mara wanane wa mbele wa timu hii wanaingiliana vichwa na wanane wa timu ile, wanasukumana, mpira unaingizwa katikati chini ya miguu. Tuliuita msukumano huo mele, kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa nguzo ya kushoto, mstari wa kwanza kabisa. Nguzo ya kulia alikuwa mchinjaji mmoja wa soko la Volo Volo, mtu mnene, mpole, ambaye ungeshangaa anavyoweza kumchinja hata kuku. Katikati yetu alikuwapo wa kuuvuta mpira kwa kisigino, na nyuma yetu warefu wawili wa kutusukuma. Watano. Hatukuwahi hata mmoja wetu kuulaza mpira nyuma ya mstari wa adui tukashangiliwa. Kazi yetu ilikuwa kuinama.

Mpira ukishatoka nyuma ya miguu yetu, aliuokota mgawaji. Huyu hakuwa mtu wa Majunga. Alikuwa Mndzuani, mtoto wa mji wa Mutsamudu kwenye kisiwa jirani, amekuja Moroni kuendesha teksi ya abiria, kutwa anapanda Mvouni kule mlimani anashuka. Mwembamba, mwepesi, mdomo haufungi. Alikuja kiwanjani siku moja kutucheka, eti watu wazima wanakumbatiana mchana. Tukampa mpira. Basi, hakuondoka tena.

Ndiye aliyemposa mdogo wangu wa kike. Dada yangu huyo alikuwa akiuza nazi na mihogo Volo Volo, na mgawaji kila akishusha abiria alikwenda kununua nazi ambayo hakuihitaji. Lahaja yake ya Kindzuani ilimfanya dada yangu akae chini kwa kicheko. Nadhani ndivyo walivyopendana, mmoja anasema na mwenzake anacheka.

Kwetu mwanamume haoi akamchukua mke kwake. Anachukuliwa yeye. Nyumba ni ya mwanamke, hujengewa na baba yake, na siku ya harusi bwana harusi huja na ngoma akaingizwa mlangoni kama mgeni. Baba yetu alikuwa amebaki ndani ya udongo wa Majunga, kwa hiyo nyumba ya dada yangu ilikuwa yangu mimi kuijenga. Niliijenga nyuma ya nyumba ya mama, tofali kwa tofali, nikitoka bandarini kwenye uchukuzi. Kuta zilikuwa zimeshasimama, bado mabati.

Sasa, wale mamluki nao walikuwa na timu. Wengi wao Wafaransa, raga wameinyonya kwa mama zao. Waliposikia Moroni kuna watu wanaicheza wakataka tucheze nao, na nani angewaambia hapana? Tulicheza kwenye kiwanja cha juu ya mji, kokoto nyeusi za volkano tupu, majani ya kubahatisha. Kiongozi wa timu yao alikuwa afisa, jitu jekundu lenye shingo kama kisiki cha mnazi. Akamfuata mgawaji wetu mbio. Mgawaji akampiga chenga moja tu, ya taratibu, na afisa akaenda uso kwa uso na kokoto, akateleza nazo. Alipoinuka pua inachuruzika damu. Na hapo, Mtume! wanawake wote waliokuwa pale wakapiga vigelegele.

Laiti yangeishia pale. Lakini nyinyi hamwajui wanawake wa Ngazidja. Jambo likiwafurahisha hulitungia wimbo, na likishatungiwa wimbo halina mwenyewe tena. Hata Ijumaa haijafika, Volo Volo nzima ilikuwa inaimba kwa makofi, kwa lugha yetu, maneno ambayo kwa Kiswahili ni *kafuata kivuli, kabusu jiwe*. Waliimba wakipanga mihogo. Waliimba harusini. Na waliimba, hili ndilo lililonikata maini, gari za wale wazungu zilipokuwa zinapita. Watu wanaogopa kuitaja serikali chumbani, lakini wimbo wauimba barabarani! Ukiwauliza wanakujibu, kwani tumemtaja mtu? Mgawaji naye akawa anapiga honi ya teksi yake kwa mapigo ya wimbo ule, Mvouni mpaka mjini.

Nilimwambia, "Shemeji, hala hala mti na macho."

"Mti uko wapi, shemeji?" akanijibu. "Mimi naona jiwe tu, na lishabusiwa."

Haukupita muda mrefu ikaja amri. Turudiane, safari hii Mutsamudu, kwenye sherehe ya serikali, na chombo cha kutuvusha watatoa wao. Hatukuulizwa kama tunataka.

Safari ilipokaribia, alasiri moja nikiwa nachanganya saruji pale kwenye kuta, dada yangu aliingia. Hakusalimia. Alisimama mahali ambapo pangekuwa mlango wa chumba chake.

"Yule mama anayewapikia wale wazungu kaja kununua nazi kwangu."

"Basi?"

"Kifaransa anakijua. Wao hawajui kwamba anakijua." Akachungulia nje. "Kasema afisa alikuwa mezani anawaambia wenzake kwamba mchezo ni mchezo na ajali ni ajali. Kachukua kijiti, kakivunja. Kasema ule mguu wa kushoto wa yule mdogo, kisha teksi akaiendeshe kwa mikono."

Nikaweka koleo chini. Nilijua kwamba inawezekana. Katika raga mtu mzito akikuangukia mguu umeukaza, goti linakwenda upande lisikotakiwa kwenda, na hakuna polisi wala kadhi wa kukusikiliza. Siku zile hata bila mchezo asingepatikana.

"Mwambie asiende," akasema.

"Asipokwenda watamfuata kwenye teksi yake. Huko hata refa hakuna."

"Basi mwambie ajue, ajilinde."

"Humjui wewe? Nikimwambia leo, kesho atasimama mbele ya kambi yao awaimbie, na watampiga risasi."

Alimjua. Akakaa juu ya mfuko wa saruji akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira, anajipiga paja. "Ule mstari wa jiwe ni wangu mimi," akasema. "Wengine walitia makofi tu." Nikamwambia wimbo ni wa watu wote. Hakunisikiliza. Alijifuta macho kwa leso, akanitazama vile mama alivyokuwa akinitazama tulipokuwa tunakimbia Majunga.

"Kaka, nirudishie mzima. Mshinde, mshindwe, hilo halinihusu. Nirudishie na miguu yake yote miwili."

Nikamwahidi, na nikaapa.

Niliwaambia wale wanne wenzangu tu, nyuma ya kibanda cha mchinjaji, soko limekwisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini yeye. Mchinjaji aliosha kisu chake polepole, akasema, "Basi asifikiwe." Tukakubaliana kwamba popote alipo mgawaji, mmoja wetu awe kati yake na afisa, na mgawaji mwenyewe asijue.

Kwenye chombo alituimbia njia nzima. Bahari inatutupa, watu wanatapika, yeye kasimama anapiga makofi na *kabusu jiwe* yake, na wanajeshi wawili wa kutulinda wamekaa pale pale wanatutazama. Nilitaka kumzaba kofi. Tulipofika Mutsamudu mgawaji alitupeleka kwa mama yake, ndani kabisa ya vichochoro vile vyembamba ambavyo mtu wa mabega yangu hupita ubavu ubavu. Yule mama, amejitanda shiromani yake, alitupa wali na samaki, kisha akanishika mkono mimi peke yangu. "Wewe ndiye mwenye nyumba," akasema. "Mwanangu anakuja kwenu. Ana kelele, lakini hana ubaya."

Kiwanjani watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, wamepanda mpaka juu ya kuta. Pembeni ya mstari walisimama wenye bunduki, na refa alikuwa mtu wao. Tulipoingia nikasikia makofi, nikasikia wanawake wa Mutsamudu wanaimba. Lo! Wimbo ulikuwa umeshavuka bahari kabla yetu, tena wameutia Kindzuani. Afisa alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa, ila mikono yake ilisimama.

Wale watano wa Marekani wana bahati moja. Mchezo wao unawaruhusu kusimama mbele ya mtu. Katika raga ukimzuia asiye na mpira ni kosa, refa anakupigia filimbi. Kwa hiyo sisi ulinzi tuliufanya kwa wizi. Unaanguka mahali ambapo adui anataka kupita, unachelewa kuinuka, unamshika jezi kidogo halafu unasema samahani bwana. Unakwenda kwenye rundo la watu kama umepotea njia.

Mpira wa kwanza tu mgawaji aliupiga teke ukaenda mbali. Kila mtu akautazama mpira, mimi nikamtazama afisa. Alikuwa anakuja bado, mguu umeinuka, mpira haumhusu. Nikajitupa katikati na zile njumu zikanishuka mgongoni kuanzia begani mpaka kiunoni. Mgawaji hakugeuka hata kutazama, alishakimbia zake. Baadaye akabanwa chini ya rundo, na nikaona mkono mweupe unamtafuta kifundo cha mguu. Mchinjaji akaingiza mkono wake pale. Kiatu kilichokuwa kinakuja kikatua juu ya vidole vyake, nikavisikia vikivunjika. Mchinjaji alivitazama, akavinyoosha kimoja kimoja, akauficha mkono ndani ya jezi. Tukaingia mele nyingine, naye akanishikilia kwa mkono uliobaki.

Vichwa vikiwa chini mule ndani hakuna jua. Kuna pumzi za watu, mate, na sikio la mzungu linalokwaruza shavu lako. Nguzo wa upande wao alikuwa akiniuma bega. Nilikuwa naogopa, na sioni haya kusema. Shingo yangu niliizoea, lakini kila mpira ulipotoka nyuma, moyo ulikuwa unanitoka nao, kwa sababu nilikuwa nimefungwa mikono yote na siwezi kugeuka kuona kama yuko salama. Nilisubiri kusikia watu. Wakishangilia, nashukuru Mungu.

Wakati wa mapumziko mgawaji alikuwa anang'aa. "Hawa wazungu leo wamekula nini?" akasema. "Nawatafuta, siwaoni!"

Mchinjaji, mkono kaubana kwapani, akamwambia, "Mungu akuzidishie mbio, mwanangu." Wallahi mmoja nilitaka kumpiga na mwingine nilitaka kumkumbatia.

Kipindi cha pili mgawaji alicheza kama mtu aliyeahidiwa pepo. Alitoka na mpira nyuma yetu, akawapita wawili, akaulaza nyuma ya mstari wao, na Mutsamudu yote ikamwita kwa jina, mpaka jina la mama yake. Wazungu wakajibu. Wakawa mbele yetu kwa kidogo tu, na muda ukawa umekwisha, unasubiriwa mpira utoke tu mchezo uishe. Ndipo tukapata mele, hatua chache tu kutoka mstari wao, na kuingiza mpira ni kwetu. Ukitoka tu, mgawaji anauokota, anachupa, tumeshinda. Watu walikuwa wanapiga kelele mpaka filimbi ya refa ikawa haisikiki.

Tukainama. Nguzo ya kushoto kichwa chake kiko pembeni, ana upenyo mdogo wa kuona, na mle kwenye upenyo niliviona viatu vya afisa. Alitakiwa awe amejifunga na wenzake. Alikuwa amejiachia. Viatu vilikuwa vimeelekea nyuma yetu, na vimesimama mahali hasa ambapo mgawaji hukaza mguu wake wa kushoto kabla ya kuchupa. Mguu ule huukaza kila mara, alicheza nyuma yangu miaka, ningeweza kupachora pale chini. Nyuma ya afisa kulikuwa na viatu vingine viwili vimejiachia pia. Refa alikuwa upande ule ule. Aliona kama nilivyoona mimi, akatazama pengine.

Sikuwa na mkono wa kunyoosha wala sauti ya kusikika. Nilikuwa na magoti tu. Mpira ulipoingia, niliyaachia. Kwa nguzo hakuna jambo la hatari kama hilo, maana ukianguka mele inakuangukia wewe, watu kumi na watano juu ya kisogo chako. Nikaenda chini na kichwa, nikauzika mpira chini ya kifua, na kitu shingoni kikalia kama kuni inavyolia motoni. Mkono wa kushoto ukaniondoka palepale, kana kwamba si wangu.

Filimbi. Kosa letu, nimeiangusha mele kwa makusudi. Wakapiga mpira nje na mchezo ukaisha.

Watu wakaanza kunizomea. Mgawaji alinigeuza kwa jezi, machozi yanamtoka. "Umefanya makusudi! Nimekuona! Ulikuwa hujasukumwa!"

Nilikuwa nimelala chali, siwezi kuinua kichwa. Ningemwambia nini? Wenye bunduki walikuwa pale, na yeye angerukia shingo ya afisa mbele yao. Mchinjaji alifungua mdomo, nikamkazia macho, akaufunga.

Kisha akaja afisa. Alichuchumaa, akanitazama kwa muda, na nikajua kwamba kajua. Katika uwanja ule mzima, katika watu wote wale juu ya kuta, mtu mmoja peke yake alikuwa ameiona kazi yangu tangu mwanzo mpaka mwisho, na mtu mwenyewe ndiye yeye. Akanipapasa kichwa. "Umecheza vizuri, nguzo," akaniambia kwa Kifaransa, na hakuwa akinidhihaki. Akainuka akaenda zake.

Mgawaji alisikia. Watu waliona mkono wa mzungu kichwani pangu. Nilimwona mgawaji anarudi nyuma, uso umebadilika.

"Wamekununua," akasema. "Umewauzia mechi mbele ya mama yangu." Akatema mate kando. "Nyumba uliyoijenga wewe, mimi siingii."

Tulirudi Moroni bila yeye. Dada yangu alikuwa bandarini tangu asubuhi, na alipoona tunashuka na yeye hayumo, alikuja mbio hata leso ikamwanguka.

"Yuko wapi?"

"Kabaki kwao. Mzima."

"Miguu?"

"Yote miwili. Hana hata mkwaruzo."

Akasema alhamdulillahi, akaisema tena, akacheka. Ndipo alipouona mkono wa mchinjaji uliovimba, na shingo yangu, na uso wangu. Kicheko kikafa. "Sasa mbona hakuja?"

Nikamweleza, pale pale kwenye makasha. Nikamwambia nitapanda chombo kingine, nitamweleza mgawaji kila kitu, akija kunipiga na anipige. Alinishika mkono ule uliokuwa hauna hisia. "Ukimwambia, atamtafuta yule mzungu," akasema. "Unajua na mimi najua. Bora asinioe, atembee."

Wazee wa Mutsamudu wakaleta ujumbe wa adabu kwamba posa imekwisha. Moroni watu wakaanza kunyamaza nikipita. Kibaraka, walisema, na enzi zile neno hilo lilikuwa linanuka kuliko maiti. Na wale wanawake wa Volo Volo, Mungu awasamehe, wakanitungia wimbo mimi. Siuandiki. Dada yangu alikaa katikati yao na nazi zake, wanamwimba kaka yake kwa makofi, naye anarudisha chenji. Hakuwajibu, kwa sababu jibu lingevuka bahari kama wimbo ule wa kwanza.

Mabati niliyapandisha kwa mkono mmoja na nusu. Dada yangu aliingia peke yake, bila ngoma. Waposaji walikuja baadaye, watu wazuri tu, akawakataa kwa adabu mpaka wakachoka.

Mamluki wakaja kuondoka, baada ya miaka mingi. Hata wiki sikusubiri, nilikwenda Mutsamudu. Nilimkuta mgawaji kwenye ngazi za kichochoro, anashuka na gunia la karafuu begani, anashuka mbio, vidato viwili viwili, kichwa kimeanza mvi. Aliponiona akasimama. Nilidhani atanipita. Nikamwambia, "Kaa chini, una deni la kunisikiliza." Akakaa juu ya gunia.

Nikamwambia yote. Yule mama mpishi, kijiti, saruji, vidole vya mchinjaji, vile viatu. Hakunikatiza, yeye ambaye mdomo wake haukujua kufungwa. Nilipomaliza alikuwa anaitazama miguu yake, ameinyoosha mbele, anaitazama kama ya mtu mwingine.

"Na yeye alijua?" akauliza.

"Yeye ndiye aliyeniomba."

Akaikunja miguu. Kisha akasema, "Mlikaa nyinyi wawili mkaamua juu ya mguu wangu."

Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nikamwonesha shingo. Nikamwambia, mpumbavu wewe, ungekuwa kilema leo!

"Ningekuwa kilema kwake," akasema. Sauti yake haikuwa na ugomvi. "Mngeniuliza, shemeji. Ningeingia nyumba ile kwa magongo."

Mlango wa juu ukafunguliwa, mke wake akamwita, karafuu zinasubiriwa. Akalibeba gunia lake akaenda. Mimi nilibaki nimekaa pale kwenye ngazi, watu wananiruka, na hasira yangu yote sina pa kuipeleka.

Niliporudi Moroni, dada yangu alikuwa kibarazani kwake anakuna nazi. Hakuuliza nilikuwa wapi.

"Anachechemea?"

"Hachechemei. Anashuka ngazi mbio na gunia begani."

"Alhamdulillahi." Akakuna kidogo. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

Alikuwa ameinua uso, mkono umesimama juu ya mbuzi, na miaka yote ile iko machoni mwake, anaisubiri.

"Kasema anakushukuru," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelipwa, akaendelea kukuna nazi yake.